Maharage Yaliyovaa Makoti

Hapo zamani za kale, siku zile Tembo bado analala kitandani na Nyati hanywi uji kabla hajafagia uwanja wake, aliishi mama mmoja Pimbi. Nyumba yake ilikuwa ufa kwenye majabali. Ndani ya ufa huo alilala yeye na watoto wake, wamebanana kama dagaa kikapuni. Mtoto wa kwanza aliitwa Sikujua, kwa hiyo mama naye akaitwa Mama Sikujua. Baba yao alichukuliwa na tai, asirudi.

Kama hujawahi kumwona pimbi, ngoja nikueleze. Ni mdogo, anaenea kwenye kapu la mayai. Hana mkia. Miguu yake ni myepesi, anakwea jabali lililosimama wima kama wewe unavyopanda kitandani. Na ana meno ya mbele marefu ambayo akikasirika huyasaga: krrr! krrr! Weka sauti hiyo masikioni, maana leo utaisikia sana.

Mwaka mmoja Mama Sikujua alipata mbegu za maharage ya kutambaa. Haya si yale mafupi yanayokaa chini kwa adabu. Haya yakiota tu yanatafuta kitu cha kushika. Usipoyapa ufito, yanakumbatiana yenyewe kwa yenyewe, yanalala chini na kuoza. Ukiyapa ufito mrefu yanajizungusha, yanapanda, na yanakupa maganda kuanzia magotini mpaka juu kabisa.

Sasa, pimbi atakata wapi fito? Hana panga, hana mkono wa kushika panga. Lakini chini ya majabali palikuwa na njia ya Tembo, na Tembo kila akipita huvunja miti. Anakula majani mawili, anatupa tawi zima. Njia nzima ilijaa matawi.

Mama Sikujua akashuka, akasimama kando ya njia.

"Shikamoo, Mjomba!"

Alimwita mjomba kwa sababu pimbi na tembo ni ukoo mmoja, hata kama hawafanani. Usicheke, ndivyo ilivyo.

"Marahaba! Nani huyo? Mbona sikuoni?"

"Niko huku chini, karibu na ukucha wako. Usiukanyage mkono wangu, tafadhali."

"Aa, mpwa wangu! Sema, mama."

"Naomba haya matawi unayoyatupa, Mjomba. Nataka fito za maharage."

Tembo akacheka mpaka masikio yakapiga pa, pa, pa. "Takataka hizi? Zoa! Zoa zote, unisafishie njia!"

Mama Sikujua akazoa. Aliuma kila tawi kwa meno, akalikokota kinyumenyume, kru, kru, kru, mpaka kwenye bustani yake. Akatafuna majani, akabakiza fito tupu. Akachimba mashimo, akazisimamisha, akazishindilia kwa kisigino. Chini ya kila ufito akafukia mbegu. Zilipoota, akazishika ncha changa moja moja na kuzielekeza: "Huku, mwanangu. Zunguka huku." Akapalilia. Akaleta maji kutoka bondeni, kinywani mwake, mashavu yametuna, asiweze hata kumjibu anayemsalimu.

Na kisa cha kujitesa hivyo? Kiangazi. Kiangazi kikifika kwenye majabali yale, nyasi huisha kabisa. Mwaka uliopita mtoto wake wa mwisho alilala na njaa, asiamke. Mama Sikujua aliapa kwamba mwaka huu chungu chake kitakuwa na maharage makavu mpaka mvua irudi. Hakuwa na jambo jingine moyoni.

Maharage yakatoa maua. Yakatoa maganda. Maganda yakajaa.

"Kesho tunachuma," akawaambia watoto.

Kulipopambazuka watoto walikuwa wamekwisha amka, wanarukaruka mlangoni.

"Mama, twende! Mama, twende!"

"Bado. Tazameni, yamelowa umande. Maharage hayashikwi na umande. Ukiyashika yamelowa, mikono yako inachukua ugonjwa wa kutu kwenye shina moja na kuipeleka kwenye jingine, na bustani nzima inaugua. Tunangoja jua."

Wakakaa mlangoni kungoja jua, kila mtoto na kikapu chake.

Kabla jua halijafika, wakasikia: puu! Puu! Puu!

Alikuwa Tembo. Nyuma yake alikuja Nyati, amening'iniza tenga kubwa kwenye pembe. Wakaingia bustanini bila hodi. Tembo akakamata ufito wa kwanza kwa mkonga, akauchomoa na maharage yake yote, tio! Nyati akaukumba wa pili, tio!

Mama Sikujua akateremka kama jiwe lililosukumwa.

"Mjomba! Mjomba, unafanya nini?"

"Nachukua fito zangu," akasema Tembo.

"Fito ulinipa!"

"Nilikupa uzoe. Sikusema ni zako."

"Basi chukua fito, uniachie maharage!"

Tembo akamtazama kwa upole, ule upole wa mtu aliyeshiba. "Mpwa wangu, fikiri kidogo. Mti ni wa nani?"

"Wako."

"Matunda ya mwembe wangu ni ya nani?"

"Yako."

"Sasa haya maganda yananing'inia kwenye mti wa nani?"

Nyati akapiga kwato chini kwa furaha. "Kajibu mwenyewe! Kajibu mwenyewe! Ee, Mzee Tembo, una akili wewe!"

"Lakini mimi ndiye niliyepanda! Ni mimi niliyepalilia! Nimebeba maji kwa mdomo!"

"Pole kwa kazi," akasema Nyati, akatupa ufito mwingine kwenye tenga.

Krrr! Mama Sikujua akasaga meno. Lakini meno ya pimbi yatamfanya nini Nyati? Akakimbia mpaka mtoni kwa Kiboko. Kiboko ndiye alikuwa mwenyekiti wa baraza, na kila mwenye kesi aliipeleka kwake.

Alimkuta Kiboko amekaa kwenye matope, mdomo umejaa, anatafuna kacha, kacha, kacha.

"Mwenyekiti, nimedhulumiwa!"

"Mmh," akasema Kiboko.

Mama Sikujua akaeleza yote. Kiboko akameza, akajifuta mdomo kwa jani la yungiyungi.

"Nimesikia. Hukumu yangu ni hii: kilichopanda mti wa mtu ni cha mwenye mti. Hiyo ndiyo sheria kuanzia leo."

"Kuanzia leo? Kwa hiyo jana haikuwepo?"

"Jana hapakuwa na kesi."

Ndipo Mama Sikujua alipoona ganda bichi la haragwe limenasa kwenye jino la Kiboko. Bado lilikuwa na umande. Tembo, kwa hatua zake ndefu, alikuwa ametangulia na kumpelekea mwenyekiti kifungua kinywa kabla kesi haijafika.

Alirudi nyumbani polepole, na kila hatua meno yakasema: krrr.

Jioni ile Nyati akapita chini ya majabali, akamwaga kitu mbele ya mlango wake, puu! Yalikuwa maganda matupu.

"Haya, na wewe kula!" akapiga kelele. "Usije ukasema hatukukukumbuka!" Akaenda zake anacheka, na cheko la Nyati lilisikika mpaka ng'ambo ya mto.

Mama Sikujua aliketi mbele ya lile rundo. Watoto wakamzunguka.

"Mama, tutakula maganda?"

"Hapana."

"Mama, unalia?"

"Silii. Nina hasira. Leteni ungo."

Wakapekua maganda yote, moja baada ya jingine. Watu wenye pupa hawali vizuri. Hapa punje moja imesahaulika kwenye ncha, pale nyingine imejificha kwenye kona. Zilipokusanywa zote, zilijaa kiganja cha pimbi, na kiganja cha pimbi ni kidogo.

Sikujua akazitazama akimeza mate. "Tupike, mama."

"Hizi hazipikwi. Hizi ni mbegu."

"Lakini nina njaa."

"Najua, mwanangu. Najua kabisa." Akazifunga punje kwenye jani kavu, akazificha kwenye ufa wa juu kabisa, mahali ambapo hata yeye mwenyewe angeona taabu kupafikia njaa ikimzidi. Yale maganda matupu akayaanika, na yalipokauka akayachoma. Yaliwaka vuuu, moto mrefu wa hasira. Majivu yake akayatia chunguni, kwa sababu majivu ya maganda ya maharage ndiyo chumvi ya asiye na chumvi.

Kiangazi kile kilikuwa kibaya. Walikula magome. Walikula mizizi michungu. Watoto walikonda mpaka masikio yakaonekana makubwa. Na kila upepo ulipotoka mtoni, ulileta harufu ya maharage yanayochemka kwa Kiboko.

Siku moja Sikujua alikwenda kutafuta mizizi kwenye korongo nyuma ya majabali. Mara wakamsikia: "Yeeeu! Mamaa! Yeeeu!" Akaja mbio anajikuna shingo, anajikuna tumbo, anajisugua kwenye jiwe.

"Umeguswa na nini?"

"Maharage, mama! Nimeona maharage! Yana manyoya!"

Mama Sikujua akatambua mara moja. Upupu. Mmea huu nao hutambaa, nao una majani matatu matatu, na ukiwa mchanga hata mkulima anaweza kuudhania maharage. Lakini maganda yake yamefunikwa vinyweleo vya rangi ya dhahabu, laini kwa macho, na vikikugusa utatamani kuivua ngozi yako uitundike kambani.

Akampaka mtoto majivu kutoka kwenye kile chungu, akamsugua taratibu. Vinyweleo vikatoka na majivu. Sikujua akaacha kulia, akapiga chafya, akanyamaza.

"Nisamehe mama, nilidhani ni maharage."

Mama Sikujua alikuwa ameshika chungu, hasogei. Akamtazama mtoto. Akayatazama majivu. Akatazama upande wa korongo.

"Umesema ulidhani ni nini?"

"Maharage."

"Na wewe umezaliwa bustanini," akasema. Na kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya umande, meno yake yakatulia.

Mawingu yalipoanza kukusanyika, wakubwa wakaja wenyewe. Tembo, Nyati na Kiboko, wote watatu, wamependeza, matumbo mbele.

"Mpwa wangu," akasema Tembo, "mvua hiyo inakuja. Fito zangu nimekurudishia, si unaziona pale? Panda tena."

Nyati akaongeza, "Mwaka huu panda mengi. Yale hayakutosha."

Mama Sikujua akakwea juu ya jiwe ili waonane uso kwa uso.

"Nitapanda. Lakini mwenyekiti yuko hapa, na mimi ni mdogo, nasahau haraka. Nikumbusheni sheria. Kitakachopanda kwenye fito hizi ni cha nani?"

"Chetu!" wakasema.

"Kidogo au chote?"

"Chote!"

"Na nikija siku ya kuchuma nikawaambia, jamani, msichukue, niachieni?"

Nyati akacheka mpaka akakohoa. "Utasema tu! Sisi tutachukua!"

"Hata nikiwakataza?"

"Hata ukikataza, hata ukilia, hata ukigaragara!" akasema Kiboko. "Sheria ni sheria."

"Sawa. Na kitakachopanda mti wangu mimi?"

Wakatazamana, wakaangua kicheko. Pimbi ana mti!

"Ni chako, Mama Sikujua," akasema Kiboko huku akifuta machozi. "Kula mpaka upasuke."

"Asanteni. Nimekumbuka sasa."

Mvua ikanyesha. Mama Sikujua akaenda korongoni, akaokota punje za upupu zilizokwisha dondoka zenyewe, zile ngumu zinazong'aa na zisizowasha, akazipanda chini ya fito za Tembo. Akawaita watoto wote, akawasimamisha mstari.

"Tazameni bustani hii vizuri. Atakayeisogelea nitamng'ata mimi mwenyewe. Mmesikia?"

"Tumesikia, mama."

Kisha akaenda nyuma ya majabali, mahali ambapo mwili mkubwa haupiti. Huko akapanda mahindi. Mahindi yalipofika urefu wa magoti ya swala, kando ya kila shina akafukia mbegu moja ya haragwe kutoka kwenye lile jani kavu. Maharage yakaota, yakapapasa, yakakuta bua la hindi, yakalikumbatia, yakapanda. Hakuomba ufito kwa mtu.

Tembo alipita njiani kila siku. Aliona fito zake zimefunikwa majani matatu matatu, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Hakuinama hata mara moja. Yeye alikuwa mtu wa kutazama juu, kwenye matawi, na mmea mdogo aliujua kwa kuukanyaga tu.

Siku ya mavuno ikafika. Alfajiri, umande umetanda, puu! Puu! Puu! Safari hii hata Kiboko alikuja, maana hakuamini kwamba wenzake wangemletea fungu la haki.

Mama Sikujua alikuwa amesimama mbele ya bustani, peke yake.

"Shikamoo, Mjomba. Naomba msiguse."

"Kumekucha," akasema Nyati. "Kaanza."

"Nawaambia kweli tupu. Haya si maharage. Huu ni upupu. Utawawasha."

Wakatazamana. Tembo akaguna.

"Mpwa wangu, mwaka jana ulisema ni yako. Mwaka huu unasema ni upupu. Mwaka ujao utasema ni nyoka."

"Mjomba, inama utazame. Inama tu."

"Niiname! Mimi?"

Nyati akasogeza pua kwenye ganda. "Ee, lakini Mzee Tembo, haya yana manyoya."

Mama Sikujua akashika pumzi.

"Bila shaka yana manyoya," akasema Kiboko kwa sauti ya mwenyekiti. "Ya mwaka jana yalikuwa uchi. Haya yamevaa makoti. Ni maharage ya daraja la juu, ndiyo maana huyu hataki tuyaguse!"

"Aaaa!" akasema Nyati. "Kumbe! Mchoyo wewe!"

"Kwa mara ya mwisho," akasema Mama Sikujua. "Nawakataza."

"Sheria!" wakapiga kelele wote watatu.

Basi akapisha. Akakwea jabali lake mbio, pu-pu-pu-pu, akawafungia watoto ndani, akaketi juu kabisa kutazama.

Umande uliwasaidia. Vinyweleo vilivyolowa vimelala, havirukiruki, na ngozi zao ni nene. Walichomoa fito zote, tio, tio, tio! Wakabeba mzigo mpaka uwanja wa Kiboko kando ya mto, wakamwaga rundo kubwa. Kutoka juu Mama Sikujua aliwaona wanacheza kulizunguka.

Jua likachomoza. Likapanda kidogo. Umande ukakauka.

"Sasa tupure!" akasema Nyati. Akaruka katikati ya rundo, akaanza kulikanyaga kwa kwato zote, pwa! Pwa! Pwa! Vumbi la dhahabu likainuka.

"Mimi napepeta!" akasema Tembo. Akavuta pumzi ndefu kwa mkonga wake wote, ffffuuuuu, ili apulize makapi.

"Mwenyekiti anaonja kwanza!" akasema Kiboko. Akafungua mdomo wake, na mnajua ulivyo mdomo wa kiboko, ni kama mlango wa ghala.

Kukawa kimya, labda kwa muda wa kuhesabu vidole vya mkono mmoja.

Halafu: "PCHYAAAA!"

Tembo alipiga chafya, matunda ya mkuyu yakadondoka ng'ambo ya mto. "Pchyaa! Mkonga wangu! Mkonga wangu unaungua! Pchyaa!"

"Yeeeu! Yeeeu! Macho! Kwapa!" Nyati akajitupa chini, akajisugua, akainuka, akajisugua kwenye mti, mti ukaanguka.

Kiboko hakuweza hata kutamka sawasawa. "Aaah! Lilimi langu! Aaah!" Akajitosa mtoni, chubwi! Akanywa maji, akasukutua, akaibuka analia zaidi, maana maji hayautoi upupu.

"Pimbi!" akanguruma Tembo. "Pimbi ametuua!"

Wakaja wote watatu, wanakimbia huku wanajikuna, wanaanguka, wanainuka. Njiani wanyama wadogo wakatoka kutazama: digidigi, kanga, nungunungu. Mpaka kundi linafika chini ya majabali, uwanja umejaa.

"Mchawi wewe!" akasema Nyati. "Umetulisha sumu! Yeeeu!"

Mama Sikujua hakuinuka alipoketi.

"Nilisema ni nini ile?"

Kwaru, kwaru, kwaru, wanajikuna.

"Nauliza. Nilisema ni nini?"

"Ulisema... ni upupu," akasema Kiboko, ulimi umevimba.

"Niliwakataza au sikuwakataza?"

"Ulitukataza."

"Mjomba nilimwomba afanye nini?"

Digidigi, aliyesikia yote alfajiri kutoka kichakani, akajibu kutoka nyuma, "Alimwomba ainame!" na kanga wote wakacheka, kerekeke!

"Dawa!" akalia Nyati. "Tupe dawa, Mama Sikujua! Nakuomba!"

"Dawa ipo. Ni majivu." Akaweka chungu juu ya jiwe, wakakiona. "Majivu ya maganda ya maharage."

Hapo, hebu fikirini, hata katika maumivu yale, Tembo akainua kichwa. "Maganda ya maharage gani? Yale ya mwaka jana? Yale yalipanda fito zangu! Basi majivu hayo ni yangu!"

KRRRR!

Hata Nyati alirudi nyuma. Mama Sikujua akateremka, akasimama chini ya uso wa Tembo, mdogo kama ngumi, manyoya yote yamesimama.

"Sema tena, Mjomba. Sema tena ni yako! Nyati aliyamwaga mlangoni kwangu akaniambia nini? Nyati! Uliniambia nini?"

"Ni... nilisema, haya, na wewe kula."

"Na wewe kula! Na watoto wangu walikula magome! Sikujua alinitazama, anameza mate mbele ya punje ambazo nyinyi mlizisahau! Mwaka ule mwingine nilizika mtoto, Mjomba, na ulijua, ulipita pale ukasema pole. Halafu ukachukua chakula cha waliobaki, ukampelekea hakimu kabla sijafika kwake! Nimebeba maji kwa mdomo huu! Kwa mdomo huu! Sikuomba hata ganda kutoka nyumbani kwako. Niliomba takataka zako!"

Kanga wakasogea karibu zaidi.

Kiboko ndiye aliyeinamisha kichwa kwanza. "Wadogo kwa wakubwa, sikilizeni. Ile sheria niliitoa nikiwa na maharage mdomoni. Haikuwa sheria. Ilikuwa wizi. Naifuta. Aliyepanda ndiye mvunaji."

"Sema kwa sauti, ng'ambo hawajasikia."

"ALIYEPANDA NDIYE MVUNAJI!"

Akapewa majivu. Akasugua ulimi, akatema, akatulia.

"Mimi nitakulimia shamba!" akasema Nyati. "Kila masika! Yeeeu! Kwa pembe zangu hizi!"

"Na maganda?"

"Sitakutupia tena maganda. Wala sitacheka. Nilikosa, Mama Sikujua."

Akapewa majivu.

Akabaki Tembo. Mkonga umevimba kama gogo, machozi yanamtiririka. Alitazama juu, alitazama pembeni. Kila mtu akangoja.

"Mpwa wangu..." akasema.

"Hapana. Sikuoni. Huko juu ni mbali."

Basi Tembo, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, akakunja magoti. Akainama mpaka kidevu kikagusa vumbi, mpaka jicho lake likawa sawa na jicho la Pimbi. Na kwa kuwa alikuwa ameinama, akaona vitu ambavyo hakuwahi kuviona: mbavu za Sikujua mlangoni, na vikapu vitupu vimepangwa ukutani.

"Nilikudhulumu," akasema. "Fito zilikuwa takataka. Wewe ndiye uliyezifanya mali."

Mama Sikujua akamwaga majivu yote yaliyobaki ndani ya mkonga.

"PCHYAAAAA!"

Walioko mbele wote wakawa weupe. Digidigi mpaka leo ana mduara mweupe kwenye macho, na ukimuuliza atakwambia ni majivu yale.

Je, hasira ya Mama Sikujua iliisha? Nisiwadanganye. Haikuisha siku ile. Tembo alipomletea fito mpya, zilizonyooka, alizipokea na kusema asante, wala hakumkaribisha kukaa. Lakini siku ile ile ya upupu, jua lilipokuwa limekausha kila tone la umande, aliwachukua watoto nyuma ya majabali. Wakachuma maharage kwenye mabua ya mahindi, kila mtoto akajaza kikapu chake. Jioni chungu kikachemka, bwata, bwata, bwata, na safari hii harufu ilitoka kwenye majabali ikaenda mtoni.

Wanangu, ukimnyang'anya mdogo chakula chake, usishangae siku ukiwashwa asipokuwa na haraka ya kukuletea majivu.